Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 44 hapa Kisumu: uzi kwa watu wazima wanaoogopa maji

Fundi wa Kibuye:

Habari za jioni nyote. Mimi ni fundi wa kushona, kibanda changu kiko karibu na soko la Kibuye, na nimekaa kwenye cherehani miaka 21. Mwaka juzi sikujua kuogelea hata kidogo. Wiki iliyopita nimepiga mita 1,000 bila kushika ukuta. Kina mama wanne wameshaniuliza sokoni nilianzaje, nikaona niandike yote hapa mara moja, maana kuna jambo moja ambalo laiti ningeambiwa siku ya kwanza ningeokoa miezi mitatu na pesa zangu.

Kilichonipeleka majini ni goti. Presha ilikuwa imeanza kupanda, daktari akaniambia nisogeze mwili. Nikaanza kukimbia asubuhi kule Milimani. Wiki ya tatu goti la kulia likavimba kama embe. Daktari akauliza, "Mama, unajua kuogelea?" Nikasema sijui. Akaniambia nijifunze, kwa sababu maji yakinifika kiunoni miguu inabeba kama nusu tu ya uzito wangu, na yakifika kifuani inabeba kama theluthi. Goti linapumzika huku moyo unafanya kazi.

Sababu ya pili sikumwambia daktari. Dada yangu ameolewa Mbita, ng'ambo ya maji. Kila nikipanda feri pale Luanda Kotieno nilikuwa nakaa katikati kabisa, macho yakitafuta zilipo jaketi za kuokolea, na sikuongea na mtu mpaka tushuke. Nimezaliwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, nimekula samaki wake, ngege na omena, tangu nianze kula, na maji yakinipita magoti nilikuwa natetemeka.

Nikatafuta bwawa la hoteli. Shilingi 400 kuingia, mwalimu 800 kwa saa. Mwalimu wa kwanza alikuwa mtu mzuri lakini aliniambia, "Vuta pumzi, ibane, sukuma ukuta, piga mikono." Nikafanya hivyo miezi mitatu. Mikono mitano, sita, halafu kifua kinawaka, kichwa kinaruka juu, miguu inazama, nakohoa. Nikaamini mapafu yangu ni madogo. Nikawa hata nabana pumzi nikishona, nikihesabu, ili niyakuze.

Mwalimu wa pili ni kijana rika la mwanangu. Aliniangalia nikiogelea nusu ya urefu wa bwawa tu, akaniambia nitoke. Tukakaa kwenye ngazi za upande wa watoto, maji yakitufika tumboni. Akasema, "Mama, leo hatuogelei. Leo tunaimba." Akainamisha uso majini nikamsikia akivuma: mmmmmm. Viputo vikawa vinatoka puani mwake vidogo vidogo, mfululizo, kama uji unapoanza kuchemka. Akainua uso, akavuta pumzi kwa mdomo, akarudi tena. Hakuwa na haraka yoyote.

Nikajaribu. Mara ya kwanza nilitoa hewa yote kwa mpigo, maji yakaingia puani, machozi yakanitoka. Akasema punguza, imba wimbo wa polepole. Nikachukua wimbo wa kanisani, ule tunaouimba wakati wa sadaka, nikauvuma uso ukiwa ndani ya maji. Mstari mmoja, uso juu, pumzi. Mstari wa pili, uso juu, pumzi. Nilipofika ubeti wa tatu niligundua mabega yangu yameshuka. Sikuwa najua kwamba siku zote nikiwa majini nilikuwa nayapandisha mpaka masikioni.

Hilo ndilo jambo lenyewe, ndugu zangu. Kinachomfanya mtu ahisi anakufa majini mara nyingi si kukosa hewa safi, ni kushikilia hewa chafu. Mwili unadai pumzi hasa kwa sababu kabonidayoksaidi imejaa kwenye damu. Ukibana pumzi inazidi kujaa, na kengele inalia kichwani hata kama oksijeni bado unayo. Tena ukitoa kichwa bila kuwa umetoa hewa chini, ile nafasi ndogo ya kupumua unaitumia kutoa badala ya kuvuta, na baada ya mikono mitatu umekwama. Toa hewa ukiwa chini, polepole, muda wote ambao uso uko majini. Ukigeuza kichwa, kazi iliyobaki ni kuvuta tu.

Wiki mbili nzima tuliimba na kuelea, basi. Sikupiga mkono hata mmoja. Majirani zangu wa bwawa walikuwa wananiangalia, nikawaacha waangalie. Wiki ya tatu nikavuka bwawa zima.

Nitaendelea kesho na habari ya mazoezi yenyewe, sasa kuna sare za shule za kumaliza.

Mkimbiaji Naks:

Dada, umeniandikia mimi. Niko Nakuru, miaka 36, nakimbia kilomita 10 bila shida yoyote. Nikiingia bwawani urefu mmoja unanimaliza kabisa. Miguu inazama kama mawe ingawa napiga mateke kwa nguvu zote. Pumzi natoa. Tatizo liko wapi?

Fundi wa Kibuye:

Kaka, mwalimu wangu anasema wakimbiaji ndio wanafunzi wanaomchosha zaidi, na sababu ni hiyo uliyoitaja: mateke kwa nguvu zote. Misuli ya mapaja ni mikubwa, inakula oksijeni nyingi, na kwa mtu ambaye hajazoea inamsogeza kidogo sana. Halafu vifundo vya miguu vya mkimbiaji vimekakamaa. Kaa sakafuni nyoosha miguu, jaribu kuelekeza vidole mbele kama mtu anayetaka kugusa ukuta kwa ncha. Kama vinabaki vinaangalia juu, basi kila teke lako linakuwa breki. Wapo watu wanaopiga mateke na ubao na kujikuta wanarudi nyuma, na mara nyingi ni wakimbiaji.

Lakini angalia kichwa kwanza. Ukitazama mbele, kichwa kinapanda, na kiuno na miguu vinashuka. Tazama chini kabisa, kwenye vigae. Mimi niliambiwa nihesabu vigae vinavyopita chini ya pua yangu. Shingo ikalegea, na matako yakapanda juu ya maji yenyewe. Mapafu yako ndiyo boya lako, yako kifuani. Kandamiza kifua kidogo chini kama unayeegemea meza, nyuma kutainuka. Teke linatoka kwenye nyonga, dogo, goti limelegea. Dogo kweli, kama unavua kandambili zilizolowa.

Na punguza mwendo. Maji yana uzito zaidi ya mara 800 ya hewa kwa ujazo uleule. Barabarani ukiongeza nguvu unaongeza kasi. Majini ukiongeza nguvu huku umekaa vibaya, unaongeza uchovu tu.

Mwana wa Usenge:

Mimi nauliza kwa heshima. Kwa nini ulipe shilingi 400 na ziwa liko pale bure? Sisi huku tuliingia tukiwa watoto tukajua wenyewe.

Fundi wa Kibuye:

Ndugu yangu, swali halali, na nimelifikiria sana kwa sababu 400 ni pesa. Mara tatu kwa wiki ni 1,200, kabla ya nauli.

Ziwani kuna kichocho. Vimelea vyake vinatoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotulia ya ufukweni, vinapenya ngozi bila hata kukuuma, na mtu mzima anayesimama nusu saa kwenye maji ya kifuani akijifunza kuelea anavipa muda wa kutosha. Dawa ipo, praziquantel, lakini utameza kila mara ukiingia? Kuna viboko, wewe unajua kuliko mimi. Kuna magugu maji, upepo ukigeuka unaweza kukuta njia uliyoingilia imezibwa. Lakini zaidi ya yote, ziwa halina ukuta. Mtu anayejifunza anahitaji kujua kwamba akichoka kuna kitu cha kushika baada ya mikono minne, na kwamba akisimama miguu inagusa chini. Uoga hauondoki ukiwa na sababu ya kuogopa.

Wewe ulijifunza mtoto, mwili mwepesi, na wenzako kumi pembeni. Hongera kwa hilo, kweli. Mimi sikupata.

Mwana wa Usenge:

Nimekuelewa, dada. Niseme kitu ambacho huwa sikisemi. Baba yangu alivua miaka zaidi ya 30 na hakujua kuogelea. Wengi kwenye boti yake hawakujua. Walisema ziwa likikutaka litakuchukua tu. Mimi nilijua kwa utundu wa watoto, yeye hapana. Alikufa kitandani, namshukuru Mungu, lakini mama alikuwa anasimama ufukweni kila asubuhi mpaka aione tanga. Nimesoma ulivyoandika kuhusu feri nikamkumbuka.

Fundi wa Kibuye:

Asante kwa kutuambia, omera. Pole kwa mama na asubuhi zile zote. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na Umoja wa Mataifa umeitenga Julai 25 kila mwaka iwe siku ya kuzuia vifo hivi. Sisi wa kando ya ziwa hatuhitaji kuambiwa. Ndiyo maana yule mwalimu wangu kijana alinifundisha kukanyaga maji, yaani kubaki wima kichwa kikiwa juu bila kugusa chini, na kugeuka chali kabla hajaniruhusu kufikiria kasi. Alikuwa ananisukuma kidogo pembeni, kwa kunionya kwanza, na kazi yangu ilikuwa kugeuka, masikio ndani ya maji, kitovu juu, kupumua kumi, halafu kutafuta ukuta. Niliifanya hiyo mpaka nikaichoka, na leo kwenye feri nakaa dirishani. Jaketi bado navaa. Mtu anayejua kuogelea bwawani hajawa mtu wa kuogelea ziwani, hilo nalishika.

Mama Pendo, Kakamega:

Asante sana dada kwa uzi huu. Kinachonizuia mimi ni nywele na nguo. Nina miaka 39, nimezaa watatu, na siwezi kujiona nimevaa ile nguo ndogo mbele ya watu. Nywele nazo nikisuka ni 1,500.

Fundi wa Kibuye:

Mama Pendo, hapo umegusa kazi yangu. Nguo usiiogope. Nilijishonea mwenyewe: mikono mirefu, suruali ya kufika magotini, kitambaa cha nailoni chenye mpira, kile wanachoshonea nguo za mazoezi. Kisiwe pamba. Pamba inakunywa maji, inakuwa nzito na kukuvuta chini, na mabwawa mengi hayataki fulana za pamba. Shona pindo kwa mshono wa zigizaga ili uzi usikatike ukinyoosha mikono. Kiunoni nilitia kamba ya ndani, kwa sababu mara ya kwanza nilipousukuma ukuta suruali ilitaka kubaki nyuma. Yeyote aliye Kisumu anayetaka kipimo aniandikie faragha.

Nywele: suka mistari midogo ya kulala kichwani, ndiyo inayoingia kwenye kofia. Kabla ya kuingia, ziloweshe kwa maji ya bomba na upake mafuta. Nywele iliyokwisha kunywa maji safi hainywi tena maji mengi ya klorini. Ukitoka, suuza hapo hapo. Kofia haizuii maji yote, mtu asikudanganye.

Kuhusu kuonekana, nakupa saa. Mabwawa ya hoteli saa moja asubuhi siku za kazi huwa hayana watu. Nilikuwa mimi, mwokoaji, na mzee mmoja Mhindi anayeogelea mtindo wa chura bila kuongea na mtu. Miezi minne tulisalimiana kwa kichwa tu. Siku niliyopiga urefu kumi mfululizo alisimama ukutani akanipigia makofi.

Mama Pendo, Kakamega:

Nimelia kidogo hapo kwa mzee. Nitatafuta kitambaa.

Fundi wa Kibuye:

Sasa mazoezi, kama nilivyoahidi.

Kwanza pima bwawa lako. Bwawa la mashindano ni mita 50 au 25. La hoteli linaweza kuwa chochote. Mimi nilichukua futi yangu ya kushonea, ile ya sentimita 150, nikatembea nayo ukingoni nikiwa nimepiga magoti. Ilienea mara 12 kamili. Mita 18. Kabla ya hapo nilikuwa nawaambia watu nimeogelea mita 100 kumbe ni 72. Tangu siku hiyo najua kwamba kwangu mita 1,000 ni urefu 56, na hesabu yangu haina uongo.

Baada ya kuvuka mara ya kwanza, miezi miwili nilikuwa napiga urefu mmoja, nasimama, napumua mpaka naweza kusema sentensi nzima bila kukatika, napiga mwingine. Kumi za namna hiyo halafu natoka. Hiyo ni mita 180. Msidharau. Nilikuwa nalala usiku kama mtoto.

Kisha tukaunganisha mbili mbili. Hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu, kwa sababu ya ukuta. Nikigusa ukuta nilikuwa nageuka kwa haraka, nasukuma na mapafu yamejaa, nabana tena, uoga wa zamani unarudi. Kijana akanifundisha kugusa kwa mkono, kugeuka pole, kuvuta pumzi moja, kuzamisha uso na kuanza kuvuma kabla miguu haijasukuma. Kabla, si baada. Mwezi huo nikatoka mbili hadi sita.

Kuanzia hapo mwili wenyewe ndio uliongoza. Jumanne naogelea mwendo wa polepole, vipande virefu, naongeza urefu mmoja au miwili kila wiki. Alhamisi vipande vifupi vya kasi: urefu miwili kwa nguvu, mapumziko ya nusu dakika, mara nane. Jumamosi nusu saa ya mchanganyiko, chali na chura, mkono mmoja mmoja, na boya katikati ya mapaja ili miguu ipumzike na mikono ijifunze. Ukijumlisha na kutembea kwangu kwenda sokoni nafika dakika 150 za wiki zinazopendekezwa kwa mtu mzima.

Mapigo ya moyo napima kwa vidole viwili shingoni, sekunde 15 mara nne. Msishangae mkiona yako chini kuliko mkikimbia, hata kama mmechoka sawasawa. Umelala, na maji yanakandamiza mwili, damu inarudi kwenye moyo kwa urahisi, kila pigo linasukuma zaidi. Kwa hiyo msilazimishe namba ya barabarani.

Na onyo moja nalisema kwa uzito wote. Usivute pumzi nyingi za haraka haraka halafu ukazama kujaribu kukaa chini muda mrefu. Unaifukuza ile kabonidayoksaidi inayopiga kengele, oksijeni inakwisha bila wewe kuhisi lolote, na unazimia humo humo majini. Vijana wenye mapafu yenye nguvu wamekufa hivyo kwenye mabwawa masafi. Wala usiogelee peke yako bila mwokoaji.

Mwalimu Mstaafu:

Mama, mimi nina miaka 61, presha natumia dawa miaka tisa. Niko Kisumu hapa, mtaa wa Tom Mboya. Je, nimechelewa?

Fundi wa Kibuye:

Shikamoo mwalimu. Hujachelewa, lakini usianze na mimi, anza na daktari wako. Mwambie jina la dawa na umwambie unataka kuogelea, maana baadhi ya dawa za presha zinapunguza mapigo ya moyo na ile hesabu ya shingoni haitakuambia kweli. Usiingie ghafla kwenye maji baridi. Teremka ngazi moja moja, jimwagie kifuani na usoni kwanza. Ukitoka pia, simama kidogo kwenye ngazi, kwa sababu maji yakiacha kukukandamiza damu inashuka miguuni na kizunguzungu kinaweza kukushika.

Mwalimu awe mtu anayekubali kuingia majini pamoja nawe. Anayefundisha akiwa amesimama ukingoni na simu mkononi, mwache. Muulize atafanya nini wiki ya kwanza. Akisema mtindo huru, ule wa kupiga mikono kifudifudi, tafuta mwingine. Akisema kupumua na kuelea, mlipe.

Mkimbiaji Naks:

Ripoti kutoka Nakuru. Nimetazama vigae. Urefu mmoja, mita 25, na nikafika ukutani nikiwa naweza kuongea. Mara ya kwanza maishani. Mateke nimeyapunguza mpaka nikadhani yamekoma. Ila maji ya hapa asubuhi ni barafu, taya lilikuwa linagonga.

Fundi wa Kibuye:

Hongera sana kaka! Huko mko juu, karibu mita 1,850, sisi huku ni kama 1,130, asubuhi yenu si asubuhi yetu. Nenda saa nane mchana jua likiwa limepasha maji. Mwili unaotetemeka hauwezi kulegea, na usipolegea huwezi kuelea. Rudia huo urefu mmoja wiki nzima kabla hujaunganisha miwili. Najua utataka kukimbilia kumi.

Mkimbiaji Naks:

Nilitaka. Nitarudia.

Mwalimu Mstaafu:

Marahaba, mama. Nimetoka kwa daktari leo. Ameniruhusu, nianze na dakika 20, na amenibadilishia saa ya kumeza dawa. Sasa sina wa kwenda naye.

Fundi wa Kibuye:

Mwalimu, Jumamosi saa moja na nusu asubuhi nitakuwa kwenye ngazi za upande wa watoto. Nakutumia jina la bwawa na njia ya tuktuk kwa faragha. Kofia yangu ni ya kijani. Njoo na taulo, miwani ya kuogelea nitakuazima, na uchague wimbo mmoja wa polepole unaoujua vizuri.